Kiwanda kimefungwa, udongo je?

Assalamu alaikum, na wale wa Bwana asifiwe nao Bwana asifiwe. Wazee wetu mlioketi mbele, mama zangu, vijana mliosimama huko mlangoni, ahsanteni kwa kuja, najua Jumapili mtu ana mambo yake. Nimepewa nusu saa na sitaki kuipoteza.

Kazi yangu ni kupima udongo. Mimi sio wakili wala mwanasiasa, sikuja kuomba kura wala kumuahidi mtu fidia. Naenda mahali palipokuwa na kiwanda au gereji au stoo ya dawa za wadudu, nachukua sampo, napima, naandika ripoti. Ripoti nimeandika nyingi na nyingi zimelala kwenye droo za watu, ndio maana nilipoitwa hapa nikasema nitakuja niseme kwa mdomo, manake mdomo haufungiwi kwenye droo.

Nianze na babu yangu, Mungu amrehemu. Babu alikuwa mvuvi upande wa Mtongwe, na kila mvuvi anajua mshipi bila chubwi hauendi chini. Chubwi siku hizo hazikununuliwa, zilitengenezwa nyumbani. Babu alikuwa akipata betri mbovu za gari kwa mafundi, anazipasua kwa shoka, ile tindikali anaimwaga hapo hapo nyuma ya nyumba, zile sahani za ndani anazitia kwenye mkebe wa maziwa anauweka juu ya moto wa makumbi. Mimi ndio nilikuwa mpulizaji wa moto. Nakumbuka ilivyokuwa ikianza kuyeyuka, kwanza inafanya utando wa kijivu juu, babu anautoa kwa kijiko anautupa chini ya mti wa mkungu, halafu chini ya ule utando inatokea ile yenyewe, inang'aa kama kioo mpaka unaona uso wako. Anaimimina kwenye vishimo alivyovitoboa kwenye mchanga mbichi na sisi watoto tunangoja ipoe tushindane nani ataishika kwanza. Hiyo ndio risasi, wengine mwaiita ledi. Inayeyuka kwa nyuzijoto 327, moto wa makumbi unafika hapo bila shida.

Babu hakuwa mjinga, alikuwa hajaambiwa. Miaka mingi baadae nikiwa nishasoma kazi hii nilibeba mashine nikaenda pale chini ya mkungu, babu hayupo, nyumba wanakaa watoto wa binamu yangu. Mashine yenyewe ni kama bunduki ya kupimia joto ile mliyoiona wakati wa korona, unaiweka juu ya udongo, inapiga eksirei, unahesabu sekunde 30 inakupa namba. Namba ikapita elfu moja, yaani miligramu zaidi ya elfu moja za risasi kwenye kila kilo ya udongo. Nikasogea hatua kumi kuelekea jikoni ikashuka, nikarudi mkunguni ikapanda tena. Na hapo chini ya mkungu, kwa sababu ndio kwenye kivuli, ndio mtoto mdogo alikuwa amekaa na kijiko cha plastiki anachota mchanga anapika pilau yake ya kuigiza, na kila mara anaonja.

Masika na vuli ngapi zimepita pale jamani. Babu kafa, moto ulizimika zamani, mkebe umeoza wote. Risasi iko vile vile.

Hilo ndilo lililonileta, na nitalizunguka mpaka lieleweke: kufunga sio kusafisha. Watu wetu wanapambana na kiwanda mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, mpaka siku kinapigwa kufuli kila mtu anashangilia na kwenda nyumbani, na nyumbani ndiko ule uchafu uliko.

Nyinyi wa hapa Mikindani, Mombasa, sina haja ya kuwahadithia Owino Uhuru, wengine wenu mna ndugu pale. Lakini kuna vijana humu walikuwa hawajazaliwa, kwa hivyo kwa ufupi tu. Mwaka 2007 kilianza kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, kimepakana na kijiji hicho cha watu kama 3,000, nyumba za udongo na mabati. Kazi ilikuwa ile ile ya babu, kupasua, kumwaga, kuyeyusha, ila babu alikuwa na mkebe mmoja kwa mwezi na wao walikuwa na tanuri. Dada yetu Phyllis Omido aliajiriwa pale 2009, mwanawe mchanga akaugua, kupimwa akakutwa na risasi kwenye damu, mama huyo badala ya kunyamaza akaanza kugonga milango ya watu. Alikamatwa, alitishwa, hakuacha. Kiwanda kikafungwa 2014, mwaka uliofuata akapewa tuzo ya Goldman ambayo wanaharakati wa mazingira duniani kote wanaijua. Tarehe 16 Julai 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa ikaamua wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na, hapa sikizeni vizuri, ikaamuru udongo usafishwe ndani ya miezi minne, na usiposafishwa zitolewe milioni 700 za kazi hiyo. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua ile fidia, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, nayo Desemba 2024 ikairudisha. Ya korti nawaachia mawakili. Mimi nilichokiona ni kwamba kila mtu mtaani anaikumbuka ile 1.3 bilioni na ni wachache mno wanaoikumbuka ile miezi minne.

Na bila ile miezi minne pesa hizo zinampa mama nini? Atalipa deni, atasomesha mtoto, sawa, ni haki yake na apewe. Lakini mtoto anayetambaa leo hii kwenye ule uwanja hana habari na kesi.

Hebu niwaambie risasi inavyofanya kazi kwa sababu bila hilo hamtaelewa kwa nini nasumbua hivi. Kuna sumu zinazooza. Wenzetu wa Tanzania walikuwa na tatizo pale Vikuge, Kibaha, dawa za wadudu zililetwa nchini miaka ya 80, zikawekwa kwenye banda la wazi, banda likaanguka, dawa zikaingia ardhini, DDT na nyinginezo. Hiyo ni sumu mbaya na inakaa miaka na miaka, lakini DDT ni kitu kilichoundwa, kinaweza kuundulika, ukikipeleka kwenye tanuri la joto kali sana kinavunjika, na hata vijidudu vya udongoni vinakitafuna polepole. Risasi haijaundwa na mtu, ni elementi. Ukiichoma inakuwa moshi halafu inatua jirani, ukiichimbia iko chini, ukiimwagia maji iko pale. Huwezi kuiua, unaweza kuihamisha tu au kuifunga isitembee. Basi. Mtu yeyote akikujia na dawa ya kumaliza risasi kwenye udongo muulize kwanza, inaenda wapi?

Tena haizami chini upesi kama watu wanavyodhani. Inashikana na udongo wa juu, ule wa mfinyanzi na ule mweusi wa mboji, kwa hivyo mara nyingi iko kwenye sentimita chache za juu, mle mle mnamofagia asubuhi. Mama anafagia uwanja kavu, vumbi linapanda linaingia kwenye maji ya mtungi, kwenye unga, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye mkono wa mtoto, na mtoto mdogo mkono wake hautoki mdomoni. Kile anachokimeza, mtu mzima angefyonza kama sehemu moja kwa kumi, mtoto anaweza kufyonza mpaka karibu nusu. Akiwa na njaa au damu yake haina madini ya chuma anafyonza zaidi, kwa sababu mwili unaidhani risasi ni chuma au ni kalsiamu, unaipokea kama mgeni wa heshima unaipeleka kwenye mifupa na kwenye ubongo. Halafu tatizo lenyewe hulioni. Mtoto haanguki. Anakuwa tu mzito darasani, anasahau, ana hasira, tumbo linamuuma, mwalimu anasema huyu mvivu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na mtoto akifika mikrogramu 5 kwa desilita ya damu inabidi itafutwe inatoka wapi na iondolewe.

Kuna utafiti mmoja uliochapishwa 2018 ambao naupenda kwa sababu haukwenda mbali. Walichukua watoto wa Owino Uhuru na watoto wa Bangladesh, hiki kijiji chetu cha Bangladesh hapa hapa, maisha ni yale yale, umaskini ule ule, mabati yale yale, tofauti ni kiwanda tu. Watoto wa Bangladesh wastani wao ukawa 3.7, wa Owino Uhuru 7.4. Mara mbili. Na udongo ulipopimwa ukasema hivyo hivyo, wa Owino Uhuru umeuacha mbali wa Bangladesh. Kwa hivyo akija mtu akuambie ati ni rangi za nyumba, ni petroli ya zamani, ni sufuria, mwambie Bangladesh hakuna sufuria?

Sasa kusafisha. Neno hili kila mtu analisema na kila mtu ana picha yake kichwani. Nimeona mahali wamekuja na tingatinga, wakasawazisha uwanja, wakapanda miti, wakapiga picha, wakaondoka. Kusawazisha ni kutandaza, umechukua sumu iliyokuwa kona moja ukaigawia kila mtu. Na vumbi lilipanda siku tatu watoto wanaangalia tingatinga kwa furaha.

Kazi yenyewe inaanza na ramani. Unagawa eneo lote kwa miraba, mita tano kwa tano au kumi kwa kumi kulingana na pesa, unapima kila mraba, halafu unapima na ndani ya nyumba, sakafuni, juu ya kenchi za paa ambako vumbi la miaka saba limekaa, chini ya mchirizi wa mabati ambako mvua inashusha kila kilichokuwa juu. Hapo chini ya mchirizi ndio huwa nakuta namba kubwa kuliko zote, na ndipo watu wanapopanda mchicha kwa sababu pana maji. Mchicha wenyewe hauvuti risasi nyingi sana kwa mizizi lakini majani yanabeba vumbi, basi yaoshwe kwa maji mengi mara mbili tatu, na muhogo na viazi vimenywe nene, na kama unaweza panda kwenye gunia la udongo ulionunua, sio kwenye ule wa chini.

Ukishakuwa na ramani unaamua namba ya kuondoa. Hii namba ni vita. Marekani walikaa na miligramu 400 kwa kilo kwa uwanja wa watoto tangu miaka ya 90, Januari 2024 wakaishusha mpaka 200, California wao walishakuwa na 80 tangu kabla ya hapo. Kadri namba inavyoshuka ndio udongo wa kuondoa unaongezeka na ndio bili inapanda, kwa hivyo muwe makini mkisikia mtaalam anasema ni salama, muulizeni salama kwa namba ipi na nani aliichagua.

Halafu unaondoa. Unaloanisha udongo kwanza ili usipeperuke, wafanyakazi wamevaa maski za maana sio zile za kitambaa, nguo zao hawarudi nazo nyumbani, unachota sentimita 30 za juu au zaidi pale namba inapokataa kushuka. Chini unatandika kitambaa cha rangi kali, cha machungwa mara nyingi, ili mtu akichimba choo miaka ishirini ijayo akikutana na ile rangi ajue asimame. Juu yake unamwaga udongo safi, na huo safi nao umepimwa, sio wa kuokota tu. Hesabu yake ni hivi, ekari moja kwa kina cha sentimita 30 ni kama mita za ujazo 1,200. Lori la mita kumi litatoka mara 120 na litaingia mara 120 na udongo mwingine, na hiyo ni kabla udongo haujavimba, maana ukichimbwa huwa unaongezeka. Ekari moja tu. Ndio maana milioni 700 haikuwa namba ya kutisha watu.

Na yale malori 120 yanakwenda wapi? Hili ndilo swali ambalo nikiuliza kwenye mikutano ya maofisi watu wanaanza kutazama simu zao. Usiniambie jaa la taka la Mwakirunge. Mwakirunge kuna watu wanaokota kila siku, kuna watoto, ukimwaga kule umehamisha kijiji. Inatakiwa shimo lililoandaliwa, chini kuna mfinyanzi ulioshindiliwa na plastiki nene, juu limefunikwa, maji yanayotoka yanakusanywa yanapimwa, kuna uzio na kuna mtu analipwa kuliangalia miaka na miaka. Bila hilo hakuna kusafisha, kuna usafirishaji.

Wapo watakaosema mbona ghali, hakuna njia nyingine? Zipo, na moja itawafurahisha watu wa pwani. Pale Oakland, California, kwenye mtaa wa South Prescott, mwaka 2011 walitumia mifupa ya samaki. Wallahi, mifupa ya samaki iliyosagwa. Mifupa ina fosfeti, ukiichanganya na udongo wenye risasi na ukaupa unyevu na muda, ile fosfeti inaishika risasi inatengeneza kijiwe kigumu ambacho tumbo la mtoto haliwezi kukiyeyusha kirahisi. Risasi haijaondoka, ukiipima namba ni ile ile, lakini imefungwa. Halafu juu wakaweka udongo safi na majani. Mimi nikisoma hiyo nikafikiria mifupa yote tunayotupa soko la samaki. Ila sikizeni, ile inafaa kwa udongo wenye kiasi cha kati, na lazima apime mtu anayejua kemia yake, sio wewe kesho uende ukasage mifupa ya papa umwage uwanjani. Pale palipokuwa tanuri na pale walipomwaga majivu ya tanuri, mifupa haitoshi, pale ni kuchota.

Alizeti nimeulizwa mara mia. Kuna watu wanazunguka na projekti za alizeti na haradali, ati zinanyonya sumu. Kwa baadhi ya madini mimea inasaidia. Kwa risasi mimea inashindwa, kwa sababu risasi imeng'ang'ania udongo na kidogo inayoingia inabaki mizizini, unaweza kupanda na kuvuna miongo mizima mtoto kishakuwa baba. Alizeti inapendeza kwenye picha. Nisameheni wenye projekti hizo kama mko humu lakini siwezi kusema vingine.

Ninachotaka sana mkichukue leo ni mpangilio, nani anasafishiwa kwanza. Mwaka 2010 kule Zamfara, kaskazini ya Nigeria, watu walikuwa wanasaga mawe ya dhahabu majumbani na yale mawe yalikuwa na risasi nyingi. Watoto wakaanza kufa, zaidi ya 400, wazazi wakidhani malaria. Madaktari wa MSF, wale Madaktari Wasio na Mipaka, walipofika wakagundua ni risasi. Dawa ya kutoa risasi mwilini ipo, na wakaanza kutibu, lakini walikuwa na msimamo, mtoto hawezi kutibiwa akarudishwa kwenye uwanja ule ule wenye sumu kwa sababu ni sawa na kuchota maji kwa ungo. Kwa hivyo nyumba ndio zikasafishwa kwanza, boma baada ya boma, vijana wa kijiji wenyewe na majembe na machepeo, udongo wa juu umechotwa ukazikwa kwenye shimo maalum, udongo safi umeletwa, ndio mtoto anaanza dawa. Hawakuwa na mitambo ya ajabu, walikuwa na jembe na mashine ile ile ya mkononi ninayotumia mimi. Kijiji kimoja kinaitwa Bagega pesa zake zilichelewa, kimesafishwa 2013, na miaka yote hiyo watoto wa Bagega walikuwa wamejulikana ni wagonjwa na dawa ipo, ila hawangeweza kutibiwa ipasavyo kwa sababu ya karatasi iliyokuwa inangoja sahihi. Kila nikisikia neno bajeti inachelewa namkumbuka mtoto wa Bagega.

Kwetu huwa tunafanya kinyume. Tunaanza na kompaundi ya kiwanda kwa sababu ndiko kamera zinakoenda. Kompaundi ina ukuta na kufuli, mtoto haingii. Anzeni na chini ya kivuli, anzeni na mlango wa chekechea, anzeni na mchirizi wa mabati.

Na msidhani udongo wenyewe utakaa kimya. Pale Dakar, mtaa wa Thiaroye-sur-Mer, watu walikuwa wakipasua betri miaka mingi, bei ya risasi ilipopanda wakagundua hata ule mchanga wa mtaani una risasi ya kuuzika, wakaanza kuuchimba, kuupepeta, kuubeba kwa magunia mpaka ndani ya nyumba. Kati ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 watoto 18 wakafa. Mchanga uliokuwa umelala uliamshwa na bei. Sisi hapa tuna vijana wa vyuma chakavu wanaotafuta riziki, siwalaumu hata kidogo, lakini eneo lisilosafishwa na lisilolindwa ni mgodi wa mtu mwenye njaa.

La mwisho kwa upande wa mifano, msije mkaambiwa hili ni tatizo la nchi maskini tu. Vernon, pembeni ya Los Angeles, kulikuwa na kiwanda cha betri cha Exide, kilifungwa 2015, mwaka mmoja tu baada ya hiki chetu. Maelfu ya viwanja vya nyumba vilichafuka, kampuni ikafilisika, jimbo likatoa mamia ya mamilioni ya dola, kazi ikaanza, nyumba moja moja. Mwaka 2023 watafiti wakarudi kupima nyumba zilizoandikwa zimesafishwa, wakakuta nyingi bado zina risasi juu ya kiwango chao. Wakandarasi walilipwa, cheti kimetolewa, udongo bado. Hao ndio California na mapesa yao yote. Nani atarudi kupima kwetu?

Kwa hivyo siku tenda itakapotangazwa, na itatangazwa, mambo haya yawe ndani. Anayepima baadae asiwe yule aliyechimba. Namba za kila mraba zibandikwe ukutani mahali pa watu kusoma, kwa Kiswahili, kabla na baada. Vijana wa hapa wafundishwe mashine, haichukui mwezi kuijua, nimefundisha wengine kwa siku nne. Watoto wapimwe damu kabla, na wapimwe tena baada ya miezi sita na baada ya mwaka, kwa sababu mpima udongo naweza kukosea lakini damu ya mtoto ikishuka hiyo ndio risiti. Katiba yetu kifungu cha 42 kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya, hakikusema mpaka pesa zipatikane.

Mpaka siku hiyo ifike kuna la kufanya nyumbani. Msifagie kavu, nyunyizeni maji kwanza, na ndani ni kupangusa kwa kitambaa kibichi. Viatu viachwe nje. Mikono ya mtoto kabla ya kula, kila mara, na asile akiwa ametandaza miguu chini. Chai kavu asubuhi haitoshi, mtoto akienda kucheza na tumbo tupu anafyonza zaidi, mpeni dagaa, maharagwe, mboga, maziwa mkipata. Uwanja mnaoweza kuufunika kwa kokoto au saruji au hata mkeka mnene, ufunikeni. Hizi ni za kupunguza tu, mtu asije akawaambia mama ndiye mwenye makosa kwa sababu hakupangusa. Na wavuvi wangu, chubwi nunueni, au kama lazima kuyeyusha basi mbali na nyumba na mtoto asipulize moto.

Pale kwa babu tulichimba wenyewe, mimi na binamu zangu watatu, tumeloanisha, tumechota mpaka namba ikashuka, tukatia kwenye magunia mawili mawili ya plastiki. Magunia 41. Mpaka leo yako kwenye stoo yenye kufuli kwa sababu nimezunguka ofisi tatu kuuliza yapelekwe wapi na hakuna iliyonijibu kwa maandishi. Mkungu tumeuacha, na mtoto yule sasa ana mchanga mwingine, wa kutoka mbali, niliupima mwenyewe.

Mwenyekiti nimemaliza dakika zangu. Nimekuja na karatasi kubwa ya ramani ya mtaa, iko pale mezani, na kalamu za rangi. Kabla hamjatoka kila mama aje aweke alama pale mwanawe anapochezea, sio pale unapotaka acheze, pale anapocheza kweli. Jumamosi saa mbili asubuhi naja na mashine na tutaanza na alama zilizorundikana zaidi.